Takataka za Kanga

Ndege Kanga alipanda miche sita ya nyanya, akakosa usingizi kwa furaha. Kila asubuhi alifagia bustani mpaka ikang'aa, na majani makavu yote akamtupia jirani yake mvivu, Kalunguyeye, aliyepanda nyanya pia.

“Shoga, huoni aibu kulimia jalalani?” Kanga alimcheka.

“Wewe lete tu, bibi usafi!” Kalunguyeye akajibu.

Jua likakaza. Miche mitano ya Kanga ikafa, wa sita ukalegea. Akakimbilia kwa jirani kuomba maji, akakuta nyanya za Kalunguyeye zimechanua! Akafukua majani, chini yake udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua ya juma lililopita.

“Shoga,” akasema akihema, “nirudishie takataka zangu!”

Wakaumwagilia mche, wakaufunika shina kwa majani. Alfajiri ukainua kichwa. Kanga akaruka kwa shangwe, akaufumua ufagio wake, akautandaza nao juu ya majani.