Jiwe la Salamu

Kila mgeni anayeingia kwenye pango la maharamia, kisiwani karibu na Nansio, hugonga kichwa kwenye jiwe lililoning'inia gizani. Okomo, mtembeza wageni, hamwonyi mtu. Husubiri "ko!" ndipo acheke: "Karibu, haramia kakusalimia!"

Utani humsaidia. Maharamia hao walimteka baba yake ziwani, hakuonekana tena.

Leo alikuja mzee mmoja kutoka Buhongwa.

"Shikamoo mzee. Umewahi kufika huku?"

"Marahaba, mwanangu. Sijawahi hata siku moja."

Okomo akachelewa makusudi kuwasha tochi. Mzee akatangulia, akisimulia habari za mvua. Alipolikaribia jiwe akainama, akapita, akaendelea na mvua yake.

Okomo akawasha tochi, akammulika mgongoni.

"Mzee," akaita, "baba yangu mlimwacha wapi?"