Kopo la Mrehani

Mbegu ilimganda kwenye ncha ya kidole, na mkono wa kushoto haukutaka kuiachia. Mpiga chapa mstaafu aliukazia macho mkono huo kama mama anayemkazia macho mtoto mkaidi mbele ya wageni.

"Achia," aliuambia.

Mkono ukatetemeka. Mbegu ikaanguka sakafuni, ikapotea kwenye ufa wa vigae.

"Imeingia, Mama?" aliuliza mkamwana wake kutoka kwenye sinki.

"Imeingia," alidanganya, akachovya kidole kwenye sahani kutafuta nyingine.

Zamani vidole hivyo viliendesha ofisi nzima. Wakubwa walisoma barua kwa sauti, naye akawa anawasubiri wao wamalize sentensi. Kisha kiharusi kikampiga, akahamishiwa kwa mwanawe, fundi majokofu, mtu wa maneno machache. Mkono wa kulia ulipona. Wa kushoto ulirudi shingo upande, kama mfanyakazi aliyerudishwa kazini kwa amri.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kurudi kwake. Alitaka nyumba yake ndogo na kibustani chake nyuma ya jiko, alikokuwa akitoka kuchuma majani ya mrehani huku sufuria ikichemka. Mwanawe hakumkatalia moja kwa moja.

"Otesha mrehani hapa dirishani, Mama. Wewe mwenyewe, kwa mkono huo wa kushoto, bila msaada. Siku tukiutia mchuzini, nakurudisha kwako. Anayeweza kulea mche anaweza kukaa peke yake." Akamgeukia mkewe. "Kopo la Mama lisiguswe."

Mkewe walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Fundi akishaondoka asubuhi, walibaki wawili kutwa. Chiriku alimwogesha mama mkwe, alimsuka, alimkatia kucha, na alimuuliza hata mambo ambayo mwanamke mzima huyajua. Mama, kitunguu unakikata hivi au hivi? Mama, wewe shuka unazikunjaje? Mzee alijibu kwa aibu. Aliona anatafutiwa kazi ili asijione mzigo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na yeye jembe lenyewe asingeweza kulishika.

Tena kila asubuhi, kabla salamu haijaisha, Chiriku alikuwa na swali lake.

"Imeota, Mama?"

Mzee alilisikia kama swali la mwenye nyumba anayemuuliza mpangaji lini anahama.

Na kuota, iliota. Vijani viwili viwili vilichungulia udongoni, naye akakaa akivitazama hadi chai ikapoa. Lakini havikufika mbali. Asubuhi moja aliikuta miche yote imelala, myeusi, laini kama mboga iliyokwisha kuiva.

Fundi aliinama kuitazama. "Maji yamezidi, Mama."

"Ni mkono huu," alisema. "Nikiinamisha jagi, hauniambii lini inatosha."

"Basi tutapanda tena," alisema Chiriku upesi. Pakiti nyingine ya mbegu alikuwa nayo mfukoni.

Safari ya pili mzee aliacha jagi akamwagilia kwa kijiko. Miche ikalala. Safari ya tatu alilowesha pamba, akaikamua tone kwa tone, jasho likimtiririka. Miche ikalala. Siku hiyo aliuweka mkono wa kushoto juu ya meza na kuupiga kwa ule wa kulia, mpaka Chiriku akaja mbio kumshika.

"Usijiumize, Mama. Kwani hapa kuna ubaya gani?"

"Nyamaza," mzee alilia. "Wewe una mikono miwili. Huwezi kujua."

Chiriku akachuchumaa mbele yake. Alimfuta machozi kwa upindo wa kanga, na mzee akaona uchungu zaidi, maana hata machozi yake mwenyewe alihitaji mtu wa kumfutia.

Miche ya safari ya nne, ya mwisho, ilikuwa migumu. Ilitoa majani mapya yenye mikunjo, na mzee alipoligusa moja, harufu ikabaki kidoleni. Alimwita mwanawe kabla hajavaa viatu.

Fundi alinusa, akanusa tena. Akatabasamu, jambo lisilotokea mara nyingi. "Nitaazima gari la kazini Jumamosi," alisema. "Tutabeba vitu vyako na kopo lako."

Chiriku alikuwa akiosha kikombe. Kilikwisha takata zamani, naye akaendelea kukiosha.

Mchana ule usingizi haukumjia mzee. Kwa kawaida saa hizo hulala fofofo, lakini furaha haina kitanda. Akainuka, akaushika ukuta, akaenda taratibu kuitazama tena miche yake.

Alipofika mlangoni mwa jiko, alimwona Chiriku kwa nyuma, amesimama dirishani. Birika mkononi lilikuwa linatoa mvuke. Aliliinamisha juu ya kopo polepole, kama anayemmiminia mgeni chai, na majani yenye mikunjo yakalala moja baada ya jingine.

Mzee akaushika mwimo wa mlango. Kumbe hakuwa na kosa, wala mkono wake haukuwa na kosa. Muda wote ule alikuwa akiogeshwa na adui, mtu aliyependa kumwona anashindwa. Alitafuta kichwani tusi la kumtupia. Yalikuwepo mengi.

Chiriku akaliweka birika chini, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, mabega yakimtetemeka.

"Nisameheni," aliiambia miche. "Mimi sijawahi kuwa na mama. Mkikua nyinyi, na huyu ataondoka."