Kahawa ya Kokugonza

Siku ya tatu ya biashara yake, Kokugonza alisimama kando ya basi pale Muleba na sinia la kahawa ya kutafuna, na hakuna mkono hata mmoja uliotoka dirishani.

Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri. Aliichemsha kwa majani yenye harufu, akaianika, akaifunga kwa maganda ya mgomba. Baiskeli ya marehemu mumewe ndiyo aliyoiuza kupata mtaji. Lakini mumewe alikufa kwa Ukimwi, Muleba nzima ilijua, na mwaka ule wa themanini na nane nani angekula kilichopita mikononi mwa mjane wake?

Mara akamwona mama mkwe wake anakuja. Hawakuwa wameonana tangu matanga. Kokugonza akapiga magoti kumwamkia, akingoja kulaumiwa mbele za watu.

"Kasinge waitu, mama."

Mama mkwe aliinama juu ya sinia. Alichagua punje moja, akamtia Kokugonza mdomoni. "Ipasue."

Kokugonza akaing'ata. Ikaachia mbegu mbili, kama kahawa zote.

"Nipe moja."

"Mama, imelowa mate yangu."

"Nimekuomba nini, mwanangu?"

Mama mkwe akaitoa mwenyewe mdomoni mwa Kokugonza kwa vidole viwili, akaiinua abiria waione, akaitia kinywani. Alitafuna polepole, macho kwenye madirisha ya basi, mpaka akameza.

"Imeiva," akasema kwa sauti.

Kokugonza alikuwa bado amepiga magoti, dirisha la kwanza lilipofunguka.