Hodi ya Tatu

Jumba jipya la sanaa lilikuwa jeupe pepepe, limeinama upande kama sahani iliyoegemezwa ukutani ikauke. Ndani, katikati ya ukumbi mtupu, Bi Mwanakheri aliukuta mlango wa nyumba yake, ule uliouzwa na shemeji zake eda ilipokwisha. Ulisimamishwa peke yake, hauna ukuta wala nyumba.

Alivua viatu, akaviweka pembeni.

"Hodi," akasema.

Badi, askari wa zamu, alimsogelea akitabasamu. "Mama, hamna mtu humo. Zunguka nyuma uone, ni ubao tu."

"Nimeona, mwanangu. Mie si kipofu."

"Sasa unampigia nani hodi?"

"Miaka thelathini na moja nikirudi sokoni nabisha hapa, na marehemu ananiitikia karibu kabla sijatua kikapu."

Badi akatazama saa. "Tunafunga, mama."

"Hodi," akasema tena taratibu, kiganja kimeegemea ubao. Ukumbi ulimrudishia sauti yake, nyembamba.

"Haya, mama, piga ya tatu twende zetu."

Hapo ndipo penye kazi. Dini yake ilimfunza kwamba hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka, wala haulizi. Na yeye hajawahi kuondoka mlangoni pale kama mgeni.

Taa za mbali zikaanza kuzimwa, moja moja. Bi Mwanakheri alibaki miguu mitupu juu ya sakafu baridi, midomo ameifumba.