Mkuu Aliyekataa Karanga

Siku ya tano, Pruitt alikataa karanga.

Katika chumba kile cha California, cha kuongozea vyombo vya angani, hakuna anayekataa. Chombo kikiwa hatarini, kopo la karanga linazungushwa na kila mtu anatafuna kuomba bahati, kuanzia mkuu hadi mfagiaji. Ndivyo walivyofanya hata waliowafundisha kazi. Pruitt, mkuu wao, alisema jino linamsumbua.

"Jino au roho, bosi?" Imelda Quiroz akamtania. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Gari lao la utafiti, lisilo na mtu ndani, lilikuwa limenyamaza huko kwenye sayari ya Mirihi baada ya tufani ya vumbi kufunika sola zake. Wakubwa waliwapa siku arobaini na tano za kuliita. Likijibu, kazi inaendelea. Lisipojibu, linazimwa, na watu thelathini na wawili wa chumba kile wanarudishwa nyumbani bila kazi. Wakubwa huwa hawarudishwi. Ghorofa ya juu kulikuwa kunaundwa gari jipya, na gari jipya linataka chumba, linataka dishi la mawasiliano, linataka mkuu.

Imelda alikuwa dereva wa lile la zamani kwa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi aliandika wito: amka, pasha betri, lia. Akamkabidhi Pruitt, maana Pruitt ndiye aliyezungumza na watu wa dishi kubwa kule jangwani, na majibu yalipitia simu yake vilevile. Kisha wakaizunguka simu hiyo, wakitafuna.

"Bado," alisema Pruitt kila jioni, akiwagusa mabega. Alikuwa mpole mno mwezi ule.

Shangazi yake Imelda alizikwa mjini Fresno siku ya ishirini na sita. Imelda hakwenda. Alimwambia mama yake kwamba huenda gari likaamka siku hiyohiyo, naye asiwepo.

Siku ya arobaini na tano walikata keki yenye picha ya gari. Pruitt alifuta machozi, akapigwa picha, akapanda ghorofa ya juu kwenye ofisi yake mpya.

Imelda alipanga vitu vyake kwenye boksi, kopo la karanga juu kabisa. Kabla ya kurudisha kitambulisho alimpigia Wendell, fundi wa dishi, amshukuru kwa kuwategea sikio siku zote arobaini na tano.

Wendell akamkatiza.

"Arobaini na tano zipi, dada? Gari lenu lilijibu siku ya nne, mlio safi kabisa. Nilimwambia Pruitt mwenyewe. Akasema mmeshafurahi vya kutosha, niligeuze dishi kwingine."