Mgeni Aliyesifu Nguzo

Mgeni alisema ametumwa na halmashauri kuandika historia ya mtaa wa maduka ya zamani. Alisifu matao, akasifu nguzo za baraza, akagonga ukuta wa chokaa kwa kidole na kutega sikio.

"Nyumba kama hii, mama, haijengwi tena."

"Na ya jirani uliisifu hivyohivyo?" aliuliza Bi Mwajabu, asibanduke mlangoni pake.

Nyumba ya jirani ilikuwa na matao mazuri zaidi. Juzi ilikutwa imechorwa alama ya X nyekundu, na hapo mjini alama hiyo ikishachorwa, tingatinga haliko mbali.

"Mimi naandika tu. Wanaobomoa ni wengine."

"Lakini mnakula sahani moja, mwanangu."

Mgeni akacheka, akaomba maji. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na ndipo Bi Mwajabu alipoona wekundu pembeni mwa kucha zake. Ungedhani ni hina inayofutika, ila hina hainuki tapentaini.

Mgeni alikunywa taratibu, macho kwenye nguzo ya kati, pale penye weupe safi. Bi Mwajabu akatoka mlangoni, akaenda kuiegemea nguzo ile kwa mgongo.