Mirunda ya Siku ya Nne

Fomu ya kwanza ya kuomba chuo mama aliichana vipande vipande. Ya pili akaificha chini ya godoro. Ya tatu binti yake aliijazia kwa rafiki, na kwenye kila chaguo akaandika neno lilelile: ujenzi.

"Soma ualimu, mwanangu," mama alimsihi. "Soma chochote. Mimi zege limenitosha."

Binti hakusikia la mtu. Baba yake, msimamizi wa mafundi, alifukiwa na ghorofa lililoporomoka, kabla hajapata kumtia mwanawe machoni. Walikufa watu watano na hakushtakiwa yeyote. Mkandarasi alikuwa bado anatembea mjini kifua mbele. Huyo ndiye ambaye binti alitaka kumnyooshea kidole, vipimo vikiwa mkononi.

Chuoni walimbatiza jina la Nondo. Wenzake wengi walifuata ajira. Yeye alikuwa amemfuata mtu mmoja. Mwaka wa mwisho akaomba ghorofa lile liwe mradi wake. Akapewa jalada, pamoja na vipande vya zege vilivyokuwa vimehifadhiwa stoo.

Akavikandamiza kwenye mashine. Zege lilikuwa zima. Akahesabu nondo, zikatimia. Akaukagua mchoro usiku na mchana, hakuona kasoro. Mkandarasi hakuwa ameiba hata mfuko mmoja wa saruji.

"Angalia mirunda," mhadhiri wake akamwambia. "Ile miti inayoshikilia zege bichi. Ilitakiwa ikae wiki tatu, iling'olewa siku ya nne. Nani aliamuru?"

Binti akafunua daftari la kazi. Mwandiko aliufahamu, ndio ule wa barua zilizotunzwa kabatini kwao. *Mirunda yote itolewe mchana huu, nikabidhi kazi niwahi nyumbani. Nina dharura.* Chini yake, sahihi ya baba.

Alitoa nakala ya ukurasa ule, akaenda nyumbani. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele. Binti akamwekea nakala mapajani.

Mama aliisoma mara moja tu. Hakuuliza ilikotoka.

"Dharura gani, mama?"

Mama akarudisha mkono kwenye ungo, akawa anachambua mchele uliokwisha kuwa safi.

"Mimi ndiye niliyetuma mtu akamwite," akasema. "Uchungu wa kukuzaa ulikuwa umenishika."